Milioni 55 ambazo Dallas haikuziandika

Aprili 18, 2022, Luka Dončić, nyota wa Dallas, aliitazama mechi akiwa kwenye benchi na nguo za kutembelea. Kigimbi kilikuwa kimemuumiza katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, na Utah Jazz walikuwa wameshaingia kwenye ukumbi wa Dallas Mavericks wakachukua mechi ya kwanza ya mtoano kwa 99–93. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao kikapu cha Marekani hutukuta usingizini, tulikuwa tumeshapiga hesabu zetu: mechi ni saa tisa na nusu usiku, Luka hayupo, kuna haja gani ya kuamka? Walioamka walimkuta gadi, yaani mchezaji wa nje anayeuendesha mpira, wa mita 1.88, mkono wa kushoto, asiye na mbio za kutisha wala miruko ya kupigiwa makofi, anaingia katikati ya warefu wa Utah, Rudy Gobert akiwemo. Anasimama kwa miguu miwili. Anadanganya kwa bega, beki anaruka, yeye anamsubiri ashuke, ndipo anatupa. Pointi 41, na mpira hakuupoteza hata mara moja usiku mzima. Dallas 110, Utah 104.

Siku tatu baadaye, kule Salt Lake City, akafunga 31 na Dallas wakashinda tena, 126–118. Luka aliporudi mechi ya nne, alikuta timu iko hai.

Jina lake Jalen Brunson, na msimu ule mshahara wake ulikuwa kama dola milioni 1.8. Kwangu na kwako huo ni utajiri wa vizazi. Kwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ni hela ya mboga. Miezi mitatu baadaye alikuwa mchezaji wa New York Knicks, na Dallas haikupata kitu mkononi: si mchezaji, si chaguo la drafti (zamu ya kuchagua wachezaji chipukizi wa mwaka), si senti. Ukikaa na mashabiki wa Dallas, haipiti dakika kumi kabla mmoja hajataja namba 55. Hiyo ndiyo namba ya kisa hiki. Dola milioni 55 na nusu hivi, miaka minne, mkataba ambao klabu ingeweza kuuweka mezani na haikuuweka wakati wake.

Nimeifuata Dallas tangu enzi za Dirk Nowitzki, nyota wake wa zamani, kwa hiyo sitajifanya mchambuzi asiye na upande. Ila nadhani tumeuzoea msiba huu kiasi kwamba tunaulilia tarehe isiyo yake. Wengi wetu tunalia Julai 2022, siku Brunson alipoondoka. Kosa lilikuwa limeshafanyika zamani, na katika kosa hilo sisi mashabiki hatukuwa watazamaji wasio na hatia.

Majuto ya kikapu yako ya aina mbili. Kuna ya mchezaji uliyempita kwenye drafti. Haya ni mepesi kidogo kwa sababu unaumwa pamoja na ukumbi mzima. Nikola Jokić alichukuliwa wa 41 mwaka 2014. Karibu kila klabu ina sehemu yake katika aibu hiyo. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu ya pembeni: mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wetu akiwa wa pili, tukashangilia mpaka sauti zikakauka, na waliomfuata nyuma yake walikuwamo James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Furaha yetu ilikuwa majuto ya mtu mwingine kule Memphis, na sidhani kama tulilifikiria hilo siku ile.

Aina ya pili ni ya mchezaji aliyekuwa ndani ya nyumba yako. Unamwona mazoezini kila siku, una kumbukumbu za kila mechi yake, unajua anakula nini, halafu ni wewe peke yako duniani mwenye ruhusa ya kumwongezea mkataba, na humwongezei. Hapo hakuna wa kugawana naye aibu.

Brunson alipitia aina zote mbili. Juni 2018 alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa pili wa vyuo vikuu akiwa na chuo cha Villanova, baada ya ule wa 2016, na amebeba tuzo kubwa za mchezaji bora wa vyuo wa mwaka. Usiku wa drafti wakaitwa wanne kutoka timu ile. Mikal Bridges akaitwa wa 10. Donte DiVincenzo wa 17. Omari Spellman wa 30. Mchezaji bora wa nchi nzima, nahodha wao wa uwanjani kwa matendo, akaitwa wa mwisho kati ya wanne: wa 33, raundi ya pili, Dallas. Knicks wenyewe, wanaoringa naye leo, walikuwa na chaguo la 9 usiku huo na wakamchukua Kevin Knox.

Sababu hazikuwa za siri. Mfupi kwa viwango vya ligi. Haruki. Alikuwa anakaribia miaka 22, na ligi hii humwona kijana wa umri huo kama embe lililokwishaiva: utamu unaouonja ndio huohuo, usitarajie kuongezeka. Walichokiona kwa Brunson ni mbadala mzuri, mtu wa kuingia gadi wa kwanza anapopumzika, asiyefanya ujinga. Miguu yake hawakuipima, kwa sababu hakuna kipimo cha miguu ya namna ile. Mtu anayeweza kusimama ghafla, kuzunguka kwa unyayo mmoja mara mbili tatu huku beki anayumba, kumsukuma kwa mgongo gadi mwenzake kama anasukuma mkokoteni hadi karibu na kikapu, hana safu yake kwenye karatasi ya vipimo vya drafti.

Usiku huohuo Dallas walifanya biashara na Atlanta wakampata Dončić. Kwa hiyo katika saa chache walipata magadi wawili ambao mwaka 2022 wangeifikisha timu fainali ya Kanda ya Magharibi. Drafti ya namna hiyo klabu nyingi huisubiri miaka ishirini. Nasema hivi kwa sababu mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: macho ya kumwona Brunson Dallas ilikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuja baadaye.

Sasa tuingie kwenye mkataba, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Mchezaji wa raundi ya kwanza ana ngazi ya mishahara iliyopangwa na ligi. Wa raundi ya pili hana, anajadiliana. Dallas walimpa Brunson miaka minne kwa jumla ya kama milioni 6, nafuu kubwa kwa klabu. Lakini mkataba wa namna hiyo una mlango wake wa nyuma. Ukishapita mwaka wa pili, klabu na mchezaji wanaruhusiwa kuurefusha kabla haujaisha. Na kwa sheria za wakati ule, mchezaji mwenye mshahara mdogo kama wake angeweza kuanzia kiwango kisichozidi asilimia 120 ya wastani wa mshahara wa ligi. Hesabu yake inatoa kama milioni 12.4 kwa mwaka wa kwanza, na nyongeza za kila mwaka zinaifikisha jumla kwenye 55 na nusu kwa miaka minne. Hiyo ilikuwa dari. Brunson hangeweza kudai zaidi hata angetaka, na klabu isingeweza kumpa zaidi hata ingempenda vipi. Mwaka 2023 ligi na chama cha wachezaji walipandisha asilimia hiyo hadi 140, pengine kwa sababu visa vya aina hii vilikuwa vinaonyesha wazi kwamba dari ni fupi mno.

Kwa lugha ya sokoni: bei ya juu kabisa ilikuwa imeshaandikwa na serikali, na muuzaji hakuruhusiwa kuipandisha hadi mwaka uishe. Mnunuzi alichotakiwa kuamua ni kama bidhaa ina thamani hiyo.

Kiangazi cha 2021 Dallas ikaona haina. Na hapa naomba tusijitoe. Mtoano wa 2021 Dallas walicheza na Los Angeles Clippers mechi saba wakafungwa, na Brunson alizama. Dakika zake zikashuka hadi takriban 16 kwa mechi, pointi 8 kwa wastani, na kocha Rick Carlisle alipotaka mabadiliko alimwingiza Boban Marjanović, mtu wa mita 2.2, aanze. Mabeki warefu wa Clippers walimfunika gadi wetu kama pazia. Mashabiki tulisema nini baada ya hapo? Nakumbuka nilichosema mimi. Nilisema Dallas inahitaji mtu wa pili wa kuchezesha mpira pembeni ya Luka, na huyo mtu si Brunson. Jina lililokuwa midomoni mwetu kiangazi kile ni Goran Dragić, Mslovenia mwenzake Luka, aliyekuwa na miaka 35. Thelathini na mitano! Tulikuwa tayari kumtoa kijana wa 24 tumpate mzee, kwa sababu tu tulikuwa tumemwona kijana akishindwa wiki mbili.

Hivyo anayesema leo kwamba "kila mtu alijua" apuuzwe kwa heshima. Aliyejua mwaka 2021 angekuwa amesema mwaka 2021.

Juni 2021 klabu ilikuwa katikati ya kuhama nyumba. Donnie Nelson, aliyesimamia usajili kwa miaka mingi, aliondoka. Carlisle akaondoka. Wakaja Nico Harrison kutoka kampuni ya viatu ya Nike na Jason Kidd kuwa kocha. Uongozi mpya mara nyingi hauna haraka ya kufunga mikataba ya watu waliowakuta. Wanataka kwanza waone. Ni jambo la kueleweka. Ila kuona nako kuna gharama, na gharama hiyo hapa ilikuwa upande mmoja tu. Brunson akicheza vibaya, klabu inaokoa labda milioni chache. Akicheza vizuri, dari ya 55 inapotea daima siku mkataba unapokwisha. Mchezaji, kwa upande wake, alikuwa anabeba hatari ya goti. Kadiri mechi zilivyopita bila goti kuumia, nguvu zilikuwa zinahama kutoka kwa klabu kwenda kwake, polepole, kama maji ya kujaa.

Baba yake, Rick Brunson, ameeleza hadharani upande wa familia: kabla ya msimu walikuwa tayari kwa 55 na ofa haikuja, katikati ya msimu waligonga tena na bado, klabu ilipogeuka, wao wakasema basi, tusubiri soko. Mark Cuban, aliyekuwa mmiliki wakati huo, ana masimulizi yake. Kwa maneno yake mambo yaliharibika wazazi walipoyashika mazungumzo, na mwishoni Dallas hata hawakupewa nafasi ya kushindana kwa bei. Msomaji achague anayemwamini. Mimi naona masimulizi hayo mawili hayapingani sana, kwani la Cuban linahusu Juni na la Rick linahusu miezi iliyotangulia.

Maelezo yaliyosikika sana kuhusu kusita kwa klabu ni kwamba hawakutaka kujifunga kabla ya dirisha la mabadilishano la Februari. Mchezaji mwenye mshahara mdogo na mkataba unaokwisha ni rahisi kumtoa kwa klabu nyingine. Ukimpa mkataba mkubwa, sheria inaweza kukuzuia kumbadilisha kwa miezi sita. Kwa maneno mengine, Brunson aliachwa bila mkataba ili aweze kuuzwa, kisha hakuuzwa. Februari 10, 2022 walimtoa Kristaps Porziņģis kwenda Washington, wakapata Spencer Dinwiddie na Dāvis Bertāns. Siku mbili baada ya dirisha kufungwa walimwongezea mkataba Dorian Finney-Smith: miaka minne, kama milioni 55. Fedha ileile, miaka ileile, mtu mwingine. Finney-Smith alikuwa beki mzuri na simnyimi chake. Lakini kila nikiiona namba hiyo kwenye jina lake nahisi kama nimetumiwa risiti ya mtu mwingine.

Msimu wenyewe, Brunson alicheza mechi 79, akaanza 61, akamaliza na wastani wa pointi 16.3. Dallas wakashinda 52. Halafu ikaja ile mechi ya Aprili 18 niliyoanza nayo. Siku mbili kabla yake, kwenye mechi ya kwanza, viti vya mstari wa mbele kabisa pale Dallas vilikuwa vimekaliwa na Leon Rose, rais wa Knicks, na watu wake. Rose alikuwa wakala kabla ya kuwa rais, na mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa Rick Brunson. Mtoto wa Rose ni wakala anayemsimamia Jalen. Kocha wa Knicks wa wakati huo, Tom Thibodeau, alifanya kazi na Rick Chicago na Minnesota. Rick mwenyewe aliichezea Knicks na alikuwa kwenye kikosi kilichofika fainali mwaka 1999, Jalen akiwa mtoto mdogo. Ukitaka kuoa binti wa watu na unakuta ukoo mzima wa upande wa pili umeshaketi sebuleni, ujue posa yako imechelewa.

Dallas wakawatoa Utah kwa mechi 4–2, wakawaaibisha Phoenix nyumbani kwao katika mechi ya saba, 123–90, wakasimamishwa na Golden State kwenye fainali ya Magharibi. Kiwango cha Brunson katika mtoano ule kilikuwa zaidi ya pointi 21 kwa mechi. Juni, Knicks walimwajiri baba yake kuwa kocha msaidizi. Wakawahamishia Detroit Kemba Walker, kisha Nerlens Noel na Alec Burks, ili kupata nafasi chini ya ukomo wa mishahara, ile jumla ambayo ligi huiwekea kila klabu. Hayo yote yalifanyika mchana kweupe. Soko lilipofunguliwa, habari ilikuwa imekwisha: miaka minne, milioni 104. Baadaye ligi ilichunguza ikaona Knicks walianza mazungumzo kabla ya muda, ikawanyang'anya chaguo lao la raundi ya pili la 2025. Raundi ya pili! Adhabu ya kumpata Brunson ni kupoteza nafasi ya kumpata Brunson mwingine, ambayo kwa kawaida huwa haipo.

Watu wasiofuatilia ukomo wa mishahara huuliza: si mngemnunua mwingine kwa zile milioni mlizookoa? Hapana, na hapa ndipo uchungu ulipo. Sheria inairuhusu klabu kuvuka ukomo ili kumbakisha mchezaji wake. Ruhusa hiyo inamhusu yeye tu. Akiondoka, haibaki pengo la milioni 25 la kujaza. Linabaki pengo la gadi tu, na pochi ni ileile tupu. Dallas walikuwa na fungu dogo la kusajili wasio wao, wakalitumia kwa JaVale McGee, mrefu wa miaka 34, miaka mitatu, kama milioni 17. McGee alianza mechi chache akarudishwa benchi. Msimu wa 2022–23 Dallas, waliotoka fainali ya kanda, walimaliza na ushindi 38 na vipigo 44, nje hata ya mechi za mchujo. Desemba 27, 2022, Luka aliwafunga Knicks pointi 60, ribaundi 21 na asisti 10 katika mechi moja iliyohitaji muda wa nyongeza. Brunson hakucheza usiku huo, alikuwa na maumivu ya nyonga. Namkumbuka Luka mwishoni, amechoka mpaka hawezi kusimama wima, na nikawaza kwamba hii ndiyo bei: mtu mmoja kufanya kazi ya wawili na nusu ili mshinde mechi moja ya Desemba.

Mashabiki wa zamani walikuwa wameiona picha hii. Mwaka 2004 Dallas walimwacha Steve Nash aende Phoenix, wakihofia umri na mgongo wake. Fedha nyingi zikaenda kwa Erick Dampier, na Nash akawa mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, 2005 na 2006. Mwaka 2011, baada ya ubingwa pekee wa klabu, Tyson Chandler aliachwa aondoke ili klabu ibaki na nafasi ya kusajili nyota wakubwa. Akaenda Knicks, naam, haohao, na msimu uleule akawa beki bora wa ligi. Nyota wakubwa hawakuja. Mara tatu, klabu moja, mmiliki mmoja. Ukiwa na mwenzio anayepoteza funguo mara tatu, ya tatu humsaidii kutafuta, unamtazama tu.

Hata hivyo kuna utetezi, na si wa kubeza. Bila kumpoteza Brunson, Dallas isingemfuata Kyrie Irving Februari 2023. Bila ule msimu mbovu, isingekuwa na chaguo la juu lililowapatia Dereck Lively kwenye drafti ya 2023. (Walilipigania kwa njia isiyo ya kujivunia: waliwapumzisha wachezaji wao katika mechi dhidi ya Chicago wakati bado walikuwa na nafasi ya kufuzu, ligi ikawatoza faini ya dola 750,000.) Na kwa Irving na Lively hao, Dallas ilifika fainali ya NBA 2024, ikafungwa na Boston 4–1. Kwa hiyo, anasema mtetezi, mlifika mbali zaidi bila yeye kuliko mlivyofika naye.

Nimeuzungusha utetezi huu kichwani mara nyingi. Tatizo lake ni kwamba unahesabu tulichopata bila kuhesabu tulicholipa. Irving aligharimu Dinwiddie, Finney-Smith wa zile milioni 55, na chaguo la raundi ya kwanza la 2029. Ungemwandika Brunson mwaka 2021, vyote hivyo vingebaki kabatini, na mshahara wake ungekuwa nusu ya ule wa New York. Mtu wa kiwango hicho kwa milioni 12 hadi 15 kwa mwaka ni bidhaa ambayo klabu yoyote ingekupa nyota na chenji juu. Hata kama angegombana na Luka kuhusu nani ashike mpira, hata kama angetaka kuondoka 2024, ungemwuza.

Kinachonipa shida zaidi ni swali ambalo mashabiki wengi hawapendi kuulizwa: je, angekuwa huyu tunayemwona? New York walimpa mpira wakamwambia, haya, ni wako. Akafunga wastani wa 24 msimu wa kwanza, 28.7 msimu wa pili. Desemba 2023 aliwafunga Phoenix 50, akitupa mitupo tisa ya pointi tatu na yote tisa ikaingia. Machi 2024 aliwafunga San Antonio 61. Dallas, pembeni ya Luka, angekuwa anashika mpira nusu ya muda huo. Pengine angebaki mtu wa pointi 19, mwema, wa kutegemewa, na tungekuwa tunabishana kama analipwa kupita kiasi. Nakubali. Ila kumbuka ile mechi ya Aprili 18: Luka hakuwepo, na huyu wa New York alikuwa tayari ameshafika, yuko uwanjani kwetu, na jezi ni yetu.

Februari 2025 Dallas ikamtoa Luka mwenyewe kwenda Los Angeles Lakers kwa Anthony Davis. Mashabiki wakapeleka jeneza nje ya ukumbi, jirani na sanamu ya Nowitzki, na kwa miezi kadhaa ukumbini wakaimba wakimtaka Harrison afukuzwe. Alifukuzwa Novemba mwaka huo. Msiba mkubwa ukaumeza mdogo. Lakini nimeona kitu cha ajabu: baada ya Luka, Brunson amezidi kutajwa. Zamani tulisema, tulimpoteza wa pili ila wa kwanza yupo. Sasa magadi wote wawili wa usiku ule wa Juni 2018 hawapo, na watu wanarudi nyuma kutafuta uzi ulianza kufumuka wapi.

Mwanzo huo wengine wanaupata Julai 2022, kwenye ile milioni 104 na viti vya Leon Rose. Mimi naupata vuli ya 2021, karibu wiki za maandalizi ya msimu, kwenye ofisi ambayo sikuwemo, ambapo karatasi yenye 55 ingeweza kuandikwa kwa nusu saa. Na nikifika hapo nakumbuka kwamba wangenipigia simu wakaniuliza, ningewaambia wasubiri, halafu ningewauliza habari za Dragić.

Julai 2024 Brunson alikuwa tena mahali palepale kisheria: mkataba bado una muda, klabu inaruhusiwa kuurefusha, na akisubiri mwaka mmoja angeweza kupata hadi milioni 269 kwa miaka mitano. Alisaini miaka minne kwa 156.5, akaacha mezani zaidi ya milioni 100 ili Knicks wapate nafasi ya kuwalipa wengine. Miongoni mwa hao wengine alikuwepo Mikal Bridges, yule aliyeitwa wa 10.